Mlango wa Maandiko ya Watu

Kila mara kundi la wapenda maandishi linapoazimia kufungua tovuti ya kupokea kazi za umma, yaani mashairi, hadithi, habari za mitaani au picha, jambo la kwanza lijadiliwalo huwa ni programu. Mmoja husema WordPress, wa pili husema Drupal, wa tatu hutaja jina alilolisikia juzi. Kisha huangaliwa sura: rangi, mapambo, ukubwa wa herufi na mahali patakapokaa nembo. Mwisho wake kura hupigwa, na programu ishindayo aghalabu ni ile iliyotajwa na mjumbe mwenye sauti kubwa au mwenye mpwa ajuaye kompyuta. Siku hiyo hapana aulizaye mgeni atakayeleta andiko lake ataingilia wapi, nani atalisoma kabla halijatoka, litatunzwa vipi, na litatokaje humo siku nyumba itakapovunjwa. Maswali manne hayo ndiyo uchaguzi wenyewe. Mengine ni kupaka chokaa.

Kazi ya kupokea maandiko ya wasomaji si ngeni katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi na barua za wasomaji wa pande nyingi za Tanganyika, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliopeleka tungo zao huko. Programu ya siku hizo ilikuwa mhariri, meza na kapu la barua. Shairi lilifika kwa posta, likasomwa, likakubaliwa au likaachwa. Ufundi wake ulikuwa mdogo, lakini sheria yake ilieleweka na kila aliyebandika stempu: yuko mtu mlangoni, na neno lake ni la mwisho. Kompyuta haikuifuta sheria ya mlangoni. Imeificha ndani ya programu, na mtu achukuaye programu bila ya kuisoma sheria hiyo ametia sahihi mkataba ambao hakuufunua.

Wako wasemao kuwa shauri limekwisha kukatwa na ulimwengu. WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, leo yaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Na watu wengi kiasi hicho, wasema wao, hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Hoja hii ina uzito wa hesabu lakini haina uzito wa maana. Wengi hao ni maduka, makampuni, makanisa, misikiti, shule na watu binafsi ambao kwao mwenye nyumba ndiye mwandishi na umma ndio msomaji. Programu iliyozaliwa ili mtu mmoja aandike habari zake imekua ikapata vyumba vingi, lakini mlango wake mkubwa ungali ukimtazama mwenye nyumba. Mgeni ana cheo chake humo, nacho huitwa mchangiaji. Mchangiaji aweza kuandika na kuliacha andiko lake lingoje mhariri. Kulitoa mwenyewe hawezi. Hilo ni jema. Lakini kwa desturi ya programu hiyo, mchangiaji hana ruhusa ya kupakia hata picha moja. Mvuvi wa Kigoma aletaye habari ya mwalo wake pamoja na picha aliyoipiga kwa simu atakuta mahali pa kuandika pamewekwa, na mahali pa picha hapapo, wala hataambiwa kwa nini.

Hapo ndipo wajumbe hukimbilia vipande vya nyongeza. Kimoja huleta fomu ya kupokelea andiko bila ya mgeni kuingia ndani. Cha pili huzuia takataka za matangazo. Cha tatu huruhusu picha. Cha nne hugawa nyota na vyeo. Cha tano humpelekea mhariri taarifa. Kila kipande kina fundi wake, na kila fundi ana maisha yake. Mmoja hupata kazi nyingine akaacha kukishughulikia kipande chake, mwingine hukiuza kwa mtu asiyejulikana, wa tatu hupandisha bei. Baada ya miaka miwili tovuti yasimama juu ya hisani ya watu ambao wenye tovuti hawajui hata majina yao. Na hapa pana kichekesho: walioichagua programu kwa kuwa ni ya wengi hujikuta na mchanganyiko ambao labda hautumiwi na mtu mwingine yeyote duniani. Likizuka kosa, hao wengi waliowategemea hawana la kuwaambia.

Haya hayasemwi kwa kuichukia WordPress. Jarida lenye mhariri mmoja na wachangiaji kumi na tano wanaojuana litahudumiwa nayo vizuri sana. Na gazeti dogo lipokealo maandiko matano kwa juma halihitaji programu ya kupokea kabisa. Anwani ya barua-pepe na mhariri mwaminifu vyatosha, kama lilivyotosha kapu la Mambo Leo. Ni aibu iliyoje kuona kamati ikitumia miezi minne kuchagua mtambo wa kupokea maandiko elfu kwa siku, na waandishi waliopatikana ni saba, sita kati yao wakiwa wajumbe wa kamati hiyohiyo.

Kwamba programu ni sheria si mapambo ya usemi, na historia ya Wikipedia yaonyesha hivyo. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianza kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Kila makala ilipaswa kupita katika hatua saba za ukaguzi wa wataalamu kabla ya kutolewa. Nia ilikuwa njema na wakaguzi walikuwa wasomi, lakini Nupedia ilipofungwa mwaka 2003 ilikuwa na makala zisizofika 30 zilizokamilika. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 juu ya programu ndogo ya Clifford Adams iliyoitwa UseModWiki, ambayo ilimruhusu mtu yeyote kuandika na mtu yeyote kusahihisha, pasipo kungoja. Katika mwaka wake wa kwanza ilipata makala karibu 20,000. Waliozianzisha ni walewale, lugha ni ileile, na madhumuni ni yaleyale. Kilichobadilika ni mlango.

Lakini wapenda uhuru hukimbia na nusu ya kisa hiki. Husema: basi na ufunguliwe mlango, kila mtu aingie atakavyo! Hawaulizi kwa nini mlango wa Wikipedia waweza kukaa wazi na nyumba isiteketee. Sababu ni kumbukumbu. Programu ambayo Wikipedia yatumia sasa, MediaWiki, hutunza kila sura ya kila makala, pamoja na jina la aliyebadili na saa aliyobadili, hata aharibuye neno leo jioni aweza kurudishwa nyuma kwa mguso mmoja kabla ya usiku. Uharibifu hugharimu zaidi kuutenda kuliko kuuondoa. UseModWiki ya mwanzo haikuundwa itunze sura zote za kale daima, na sehemu ya historia ya miezi ya kwanza ilidhaniwa imepotea mpaka Tim Starling alipoikuta katika nakala za akiba mwezi Desemba 2010. Magnus Manske aliandika programu mpya iliyoanza kutumika Januari 2002. Lee Daniel Crocker akaiandika tena mwaka huohuo. Hivyo wenye Wikipedia walibadili msingi wa nyumba mara mbili katika miezi kumi na minane, watu wakiwa ndani. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilikuta msingi umekwisha kuwekwa. Mtu atakaye mlango mpana na aulize kwanza kama programu yake ina kumbukumbu ya namna hii. Kama haina, upana huo ni karamu ya wezi.

Walakini yako maneno ambayo hayawezi kungoja kusahihishwa baadaye. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 yalizuka machafuko ambamo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, aliomba mapema Januari 2008 wapatikane mafundi wa kutengeneza ramani ambayo raia wangeandika juu yake yaliyotokea kwao. Katika siku chache David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walikuwa wameisimamisha, nayo ikaitwa Ushahidi. Watu walituma habari kwa intaneti na kwa ujumbe mfupi wa simu, maana wengi wa walioona hawakuwa na kompyuta wala umeme.

Jina hilo lilikuwa na hukumu ndani yake. Ushahidi si uvumi. Mtu aandikaye kuwa kanisa limechomwa katika kijiji fulani ameandika jambo ambalo, likiwa kweli, lataka msaada upelekwe. Likiwa uongo, laweza kuchoma kanisa la pili. Kwa hiyo programu ilijengwa ili habari isiingie ramani kabla ya mtu kuiidhinisha, na iliyokwisha kuthibitishwa itofautishwe na ile ambayo haijathibitishwa. Kila habari ilibeba mahali, wakati na aina ya tukio. Ingekuwaje kama wangetumia programu ya kawaida ya kuandikia makala? Habari zingepangwa kwa tarehe tu, iliyofika mwisho juu na ya jana chini, na mtu wa Eldoret angepekua mamia ya maandiko kutafuta barabara yake. Tetemeko la nchi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika kukusanya vilio vya watu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani walikaa juu yake usiku na mchana, na Wahaiti waliotawanyika ng'ambo wakatafsiri ujumbe wa Kikrioli uliotumwa kwa simu. Mlango uliochongwa Kenya ulifaa upande wa pili wa bahari kwa sababu waliouchonga walianza na swali la mleta habari.

Vijana mahodari wa kompyuta hukitaja kisa hiki kuwa hoja ya kujijengea kila kitu wenyewe. Wamekisoma kichwa chini. Wale wa Ushahidi walijenga kwa kuwa walichohitaji hakikuwapo, kisha wakaitoa programu yao huria, ili mwingine mwenye haja kama yao asijenge tena. Mwaka huu wako wajengao upya, kwa fedha za wafadhili, vitu vilivyo tayari na vilivyojaribiwa. Jarida la chuo kikuu litakalo mwandishi alete makala, wasomi wawili waisome pasipo kujulikana, na mhariri aamue, lina Open Journal Systems, kazi ya Public Knowledge Project ya Canada, itumikayo tangu mwanzo wa karne hii. Hata barua ya kumkumbusha msomi aliyekawia imo ndani. Mradi upokeao vitu vyenye sehemu nyingi, kama methali pamoja na maana yake, wilaya yake, jina la msimulizi na sauti iliyonaswa, una Drupal, ambayo Dries Buytaert wa Ubelgiji aliitoa mwaka 2001, na ambayo nguvu yake ni kumwacha mtu aeleze kila sehemu ya kitu chake na kila hatua kipitiayo mpaka kutolewa. Drupal ni ngumu kujifunza. Anayesema si ngumu anauza kazi yake ya ufundi. Lakini ugumu ulipwao mara moja si sawa na ugumu ulipwao kila siku.

Kuna kundi jingine ambalo hucheka mabishano yote haya. Kwa nini kuchagua programu, wauliza, na makampuni makubwa ya mitandao yatoa kurasa za bure ambazo kila mtu anazijua tayari? Jibu lao limeandikwa katika makaburi. GeoCities, ambayo watu kwa mamilioni walijenga kurasa zao humo, ilifungwa na Yahoo huko Marekani mwezi Oktoba 2009. Maswali na majibu ya miaka kumi na sita katika Yahoo Answers yalifungwa mwezi Mei 2021. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kuwa nyimbo ambazo watu walizipakia kabla ya mwaka 2016 zimepotea katika kuhamisha seva. Hapakuwa na adui wala vita, bali hesabu ya faida na hasara iliyofanywa na watu ambao hawakuandika hata neno moja katika yaliyopotea. Anayewaambia wazee wa pwani walete utenzi wa mababu zao katika ukurasa wa kampuni amechukua amana akaiweka katika nyumba ya kupanga, na mkataba wa upangaji hakuuona.

Ni haki kusema kuwa programu ya kununua nayo haitoi usalama kwa sababu tu imenunuliwa. Mwezi Mei 2004 wenye Movable Type, iliyokuwa maarufu sana wakati huo, walibadili masharti na bei zao, na watumiaji wengi wakahamia WordPress iliyokuwa bado changa. Mwaka uliofuata wajenzi wa programu ya Mambo walihitilafiana na kampuni iliyoshika jina hilo. Wakaondoka. Jina lilibaki nyuma, lakini kwa kuwa leseni ilikuwa huria waliweza kuondoka na kazi yao yote, na mwezi Septemba 2005 wakaitoa upya kwa jina la Joomla. Jina hilo ni neno la Kiswahili, jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya kumrahisishia msemaji wa Kiingereza. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimelipata kwa Mwarabu, kwa hiyo hakuna wa kumdai mwenzake.

Lakini kuchukua neno la Kiswahili ni jambo jepesi; kukihudumia Kiswahili ni jambo jingine, na hapa wachaguzi wa Afrika ya Mashariki huwa wazembe kupita kiasi. Lugha nyingi za Ulaya hubadili neno mkiani, na vyombo vya kutafutia maneno vilitengenezwa kwa mazoea hayo. Katika utafutaji wa maneno wa MySQL, hifadhidata itumiwayo na programu nyingi za namna hii, alama ya nyota hukubaliwa mwishoni mwa neno wala si mwanzoni. Kiswahili hubadili neno kichwani. Kitabu huwa vitabu, mwalimu huwa walimu, na kitendo kimoja cha kusoma hujitokeza kwa alisoma, tulisoma, watasoma na wasomao. Msomaji atafutaye kitabu hapewi andiko lenye vitabu, naye huondoka akiamini kuwa halipo. Programu itafutayo kipande cha neno popote kilipo humsaidia kidogo: ataandika tabu, ataletewa vitabu vyote, pamoja na tabu zote za ulimwengu. Liko pia jambo la ng'ombe. Anayeandika kwa simu huweka alama iliyonyooka, anayenakili kutoka kompyuta ya ofisini huleta iliyopinda, na programu isiyozisawazisha hizo mbili huona wanyama wawili tofauti. Haya yote yatengenezeka, lakini hutengenezwa na watu waliouliza kabla ya kuchagua. Mjumbe yeyote aweza kuyajaribu kwa dakika kumi, na ni wachache mno waliowahi kuyajaribu.

Baada ya lugha yafuata hatari. Nyumba ambamo mwenyewe peke yake huandika yaweza kuilinda funguo moja. Nyumba ipokeayo mizigo ya wageni hukagua mizigo. Mwezi Oktoba 2005 Samy Kamkar, kijana wa Marekani, alificha msimbo mdogo katika ukurasa wake wa MySpace, akiupenyeza katika kichujio kilichowekwa kuzuia mambo kama hayo. Kila aliyeutazama ukurasa huo alifanywa rafiki yake pasipo kutaka, na msimbo ukajinakili katika ukurasa wa mtazamaji. Kabla ya saa 24 kutimia zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameupata. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa kijana alitaka mzaha. Mwizi angetaka jingine. Hata Drupal iliyosifiwa hapo juu si ngome. Tarehe 15 Oktoba 2014 lilitangazwa kosa lake kubwa pamoja na dawa yake, na majuma mawili baadaye walinzi wake wakatoa onyo kuwa tovuti ambayo haikutiwa dawa hiyo katika saa 7 tangu kutangazwa ihesabiwe kuwa imekwisha kuingiliwa. Saa 7! Kamati ikutanayo mara moja kwa mwezi na ijiulize ni nani kati yao angekuwa macho. Kama hayupo, basi na ilipe seva yenye kufanya kazi hiyo kwa niaba yake, au ichague programu ndogo yenye milango michache. Kuchagua kitu kikubwa kisicho na mlinzi, kisha kuwaalika watu walete humo siri za mioyo yao, ni dhuluma, hata kama kimefanywa kwa nia njema.

Kuhusu siri hizo, liko jambo ambalo wauzaji wa programu hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi: ni habari gani za mchangiaji ambazo programu huzihifadhi? WordPress, mathalani, kwa desturi yake huandika anwani ya intaneti ya kila mtu aachaye maoni. Programu nyingine hudai namba ya simu, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kabla ya mtu kuandika ubeti mmoja. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums ya Tanzania, mahali ambapo raia huandika kwa majina ya kubuni, alikamatwa akashitakiwa. Miongoni mwa mashitaka ilikuwa kuzuia uchunguzi kwa kutowapa polisi habari za watumiaji waliotakiwa, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kesi ziliendelea kwa miaka, na mwezi Aprili 2020 mahakama ya Dar es Salaam ilimtia hatiani katika mojawapo, ikamhukumu faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kila mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya hukumu hiyo. Lakini hakuna awezaye kukana kuwa kitu kinachodaiwa mahakamani ni kitu kilichotunzwa, na uamuzi wa kukitunza hufanywa siku ya kuchagua programu, mara nyingi na mtu ambaye hakujua kuwa anaamua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zadai kuwa zisikusanywe habari za mtu kupita haja. Fomu ya kupokelea mashairi iulizayo tarehe ya kuzaliwa ya mshairi yafaa ieleze haja hiyo ni ipi.

Wapinzani watasema kuwa mambo haya ni mengi mno kwa watu waliotaka tu mahali pa kuweka hadithi. Wana haki ya kuchoka. Lakini na wapige hesabu moja ya mwisho, ambayo ndiyo huwaangusha wengi. Andiko likihitaji dakika 10 kusomwa na kuamuliwa, maandiko 40 kwa siku yadai dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 za mtu mzima, kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo. Programu ambayo mhariri hulazimika kufungua kurasa nne ili kukubali andiko moja yamwongezea kazi. Ile imwonyeshayo foleni yote katika simu yake, na kumruhusu kukubali, kurudisha na kueleza sababu mahali pamoja, yampunguzia. Tofauti hiyo haionekani katika maonyesho ya muuzaji, ambamo foleni daima ina andiko moja zuri. Huonekana siku ya tisini, wakati foleni imefika 600 na mhariri ameacha kuifungua. Wachangiaji hawajui hayo. Wanajua tu kwamba walituma na hawakujibiwa, kisha hawatumi tena.

Na wajaribu kabla ya kupiga kura yao, badala ya kutazama sura. Na watie maandiko ishirini katika kila programu wanayoifikiria, kwa simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao hukatika, waone kama ubeti ulioandikwa nusu bado upo mtandao unaporudi. Kisha wayatoe maandiko yote ishirini na kuyapeleka katika programu nyingine. Waangalie kama majina ya watunzi yametoka pamoja nayo, na tarehe, na masahihisho, na picha. Faili ambalo WordPress hulitoa kwa kazi hiyo, kwa mfano, hubeba maneno, lakini picha hubeba anwani zake tu. Seva ya zamani ikizimwa kabla ya picha kuchukuliwa, zimekwenda. Jaribio hilo lote humalizika kwa alasiri moja, na kamati nyingi hutumia alasiri nzima kubishana juu ya rangi ya kijani.